Unalinganishaje maktaba za wasioona na viziwi wasioona kabla hujajisajili

Watu wakianza kutafuta maktaba ya mtu asiyeona swali la kwanza huwa "ina vitabu vingapi?", na maktaba zenyewe zinalijua hilo swali, ndo maana namba inawekwa juu kabisa kwenye tovuti. Ushauri wangu hiyo namba iweke pembeni kwanza. Maktaba inaweza ikawa na vitabu milioni moja lakini kama haiwezi kufikisha hata kimoja kwenye vidole vya mtu ambaye haoni na hasikii, basi kwa mtu huyo haina kitu. Kwa iyo hapa tunaanzia kwa msomaji, tunaenda kwenye faili, alafu ndo tunakuja kwenye majina ya maktaba, na ukifuata mpangilio huo nyingi zitajichuja zenyewe kabla hujajaza fomu yoyote. Nawaandikia zaidi ndugu na walimu wanaomsaidia mtu kujisajili, pamoja na wasomaji wenyewe wanaotumia kisoma skrini (programu inayokitoa kwa sauti au breli kilichoandikwa kwenye skrini).

Hatua ya 1: Mjue msomaji vizuri

Usiandike "haoni" ukaishia hapo. Chukua karatasi andika mambo manne: anaona kiasi gani, anasikia kiasi gani, breli (nukta nundu) anaisoma kiasi gani, na lugha gani anaisoma bila kuhangaika. Hili la lugha watu wanalisahau sana.

Kama haoni ila anasikia vizuri kazi yako ni nyepesi kidogo, karibu kila maktaba ina kitu chake, tofauti zitakuwa kwenye bei, bando na vitabu vyenyewe.

Kama ni kiziwi asiyeona hapo tulia, kwa sababu viziwi wasioona hawafanani hata kidogo. Yupo aliyezaliwa haoni, akasoma shule ya wasioona, breli akaishika toka mdogo, kisha masikio yakaja kupungua ukubwani. Huyu mpe breli na hutasikia malalamiko. Yupo mwingine aliyezaliwa kiziwi, lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama, alafu kuanzia ujana macho yakaanza kubana taratibu, kwanza anashindwa kuona usiku, kisha anaanza kugonga vitu vya pembeni, ndo ile hali madaktari wanaita Usher. Huyu mara nyingi breli hajawahi kufundishwa, na hata Kiswahili au Kiingereza cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili, sasa ukimfungulia akaunti kwenye maktaba ya riwaya ndefu za Kiingereza ujue hujamsaidia bado, anahitaji mtu wa kumfundisha breli na vitabu vya lugha nyepesi, hadithi fupi fupi, vitabu vya watoto wakubwa. Na yupo mwenye mabaki, anasikia sauti nzito ya mtu mmoja kwenye chumba kimya, au anaona maandishi makubwa meupe juu ya kiza. Mabaki hayo usiyadharau lakini pia usiyategemee peke yake, kwa Usher hasa macho yanaendelea kupungua, anza breli wakati bado anaona mkono wa mwalimu.

Na wasikudanganye kwamba hawa ni watu wawili watatu. Ripoti ya Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona (WFDB) ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa ni kati ya asilimia 0.2 na 2 ya watu wote duniani. Wengi wako nyumbani tu.

Hatua ya 2: Zijue faili, maana hapa ndo penye tofauti yenyewe

Maktaba hizi zinatoa kitabu kwa sura kadhaa, na sura ndo inayoamua kila kitu.

Kuna sauti, ama mtu amesoma ama mashine imesoma. Kuna DAISY, huu ni mfumo uliosimamiwa na muungano wa maktaba tangu 1996, uzuri wake unaruka kwenda sura ya tano au ukurasa wa 112 moja kwa moja badala ya kupeleka mbele kwa kubahatisha, na kwa mwanafunzi anayeambiwa "fungueni ukurasa wa 112" hiyo peke yake inatosha kuichagua. Kuna EPUB, maandishi ya kawaida ambayo simu inaweza kuyasema, kuyakuza au kuyapeleka kwenye mashine ya breli (kifaa kinachoinua nukta chini ya vidole). Na kuna BRF, hii ni breli iliyokwisha tengenezwa, unaiweka kwenye mashine ya breli inasomeka pale pale, au unaipeleka kwenye printa ya breli inatoka kwenye karatasi.

Sasa pigia hesabu bando, maana huku kwetu ni hoja kubwa. Sauti ya kawaida ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Riwaya ya saa 10 ni karibu MB 290. Riwaya hiyo hiyo kwa maandishi, tuseme maneno elfu 90, haifiki hata MB 1. Kwa iyo mtu wa kijijini mwenye mtandao wa kusuasua, hata kama anasikia vizuri kabisa, mara nyingi EPUB yenye kusomwa na simu itamfaa kuliko sauti ya msomaji mtaalamu, atashusha vitabu mia kwa bando la kitabu kimoja cha sauti.

Karatasi nayo ina hesabu yake. Ukurasa wa kawaida wa breli unabeba mistari 25 yenye nafasi 40, yaani alama 1,000 tu na mapengo yakiwemo. Riwaya ile ya maneno elfu 90 bila vifupisho inapita kurasa 500 za karatasi nene, hapo ni majuzuu kadhaa ya kubeba kwenye gunia. Karatasi bado ina nafasi yake, kwa mtoto anayeanza, kwa hesabu, kwa michoro ya kugusa, na mahali umeme hakuna, ila kwa kusoma riwaya faili ndo mkombozi.

Alafu kuna jambo moja la BRF ambalo wengi wanalikuta wakiwa wameshajisajili. Breli ina vifupisho, na vifupisho vya Kiingereza sio vya Kiswahili. Programu ikiambiwa kitabu ni cha Kiingereza itafupisha kila inachokiona. Chukua neno "mandazi": kwenye breli ya Kiingereza iliyofupishwa herufi a-n-d zinakuwa alama moja, nukta 1-2-3-4-6, kwa iyo msomaji anagusa m, kisha hiyo alama, kisha azi. "Shamba" linaanza na alama moja ya sh, nukta 1-4-6. "Mende" lina alama ya en katikati. Aliyesoma breli ya Kiingereza daraja la pili, yaani hiyo yenye vifupisho, atapita bila shida, lakini mama aliyefundishwa breli ya Kiswahili tu atasimama kwenye kila mstari na atadhani amesahau kusoma. Kwa iyo kitabu cha Kiswahili kishushe kama breli isiyofupishwa kama nafasi ya kuchagua ipo, au kishushe EPUB uache mashine ya msomaji igeuze yenyewe kwa jedwali sahihi, yaani kanuni za breli za lugha husika. Kwenye NVDA, kisoma skrini cha kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya breli, pitia orodha ya majedwali, uchague la lugha ya msomaji.

Hatua ya 3: Haki yako kisheria

Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa tarehe 27 Juni 2013 na ukaanza kazi tarehe 30 Septemba 2016. Kwa maneno ya kawaida unasema hivi: kitabu chenye hakimiliki kinaweza kugeuzwa kuwa breli, sauti au faili inayosomeka, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, ilimradi ni kwa ajili ya mtu asiyeweza kusoma chapa ya kawaida, na taasisi iliyoruhusiwa ya nchi moja inaweza kumtumia ya nchi nyingine. Kenya ilijiunga 2017 na ikabadilisha sheria yake ya hakimiliki 2019, Uganda ilijiunga 2018, Tanzania 2020. Marekani wao walijiunga 2019.

Mambo mawili hapa. Kwanza, mkataba unamhusu kiziwi asiyeona kwa sababu haoni, kiziwi anayeona haumhusu. Pili, mkataba haukufanyi wewe mwanachama wa maktaba ya Marekani ukiwa Mbeya. Unachofanya ni kuiruhusu taasisi ya nchini kwako ikuombee faili kule. Kwa iyo unapopiga simu kwenye maktaba au chama chochote cha hapa nyumbani uliza swali hili moja: "Nyie ni taasisi iliyoruhusiwa chini ya Marrakesh, na mmejiunga na huduma ya vitabu ya ABC?" ABC ni muungano wa vitabu fikivu ulio chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, hakimiliki ikiwemo, ulianza 2014, na maktaba zilizojiunga zinabadilishana faili bure. Akikujibu ndiyo umepata mlango. Akikujibu "hiyo ni nini?" mwelekeze kwa upole, maana akijiunga watafaidi wengi zaidi yako.

Hatua ya 4: Sasa maktaba zenyewe, kulingana na unapoishi

Bookshare. Hii kwa aliyeko Afrika Mashariki ndo ya kwanza kuiangalia, kwa sababu inapokea wanachama wa nchi nyingi sana. Inaendeshwa na shirika la Benetech la California, ilianza 2002, na vitabu vimepita milioni moja. Unashusha EPUB, DAISY, BRF, Word au sauti. Ada inategemea nchi, na shule au taasisi inaweza kujiunga kama taasisi na kuwaingiza wanafunzi wake, kwa iyo kabla hujalipa muulize mwalimu wa elimu maalum kama shule ina akaunti. Utahitaji uthibitisho wa mtaalamu kwamba mtu hawezi kusoma chapa ya kawaida, daktari wa macho au mwalimu wa elimu maalum anafaa. Sauti yao ni ya mashine, mtu asiyependa sauti ya mashine ajue mapema. Na vitabu vya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya ile milioni, nenda kwenye utafutaji wa kina chagua lugha Kiswahili ujionee kabla ya kulipa. Kwa kiziwi asiyeona anayesoma Kiingereza kwa breli sioni ya kuishinda, karibu kila kitabu kinatoka BRF.

Maktaba ya taifa ya Marekani kwa wasioona, NLS, iko chini ya Library of Congress na ilianzishwa kwa sheria ya 1931. Ni bure kabisa, mashine ya kusikilizia wanakuazima, vitabu vinakuja na kurudi kwa posta bila stempu, na wana tovuti na apu ya BARD ya kushusha. Wana pia mashine za breli za kielektroniki wanazoazimisha. Ila ni kwa wanaoishi Marekani na raia wa Marekani walioko nje. Kama una mzazi kule Columbus au Minneapolis ambaye macho yameondoka na anakaa ndani siku nzima, hii ndo ya kuanza nayo leo leo, unajaza fomu kupitia maktaba ya jimbo lake. Na kama ni kiziwi asiyeona, sambamba na NLS ulizia mpango unaoitwa iCanConnect, tume ya mawasiliano ya Marekani (FCC) imetenga mpaka dola milioni 10 kila mwaka kwa ajili ya kuwapa viziwi wasioona wenye kipato kisichozidi kiwango fulani vifaa vya mawasiliano, mashine za breli zikiwemo, pamoja na mafunzo. Vifaa hivyo ni vya kuwasiliana, lakini mashine ile ile inayosoma meseji inasoma na kitabu.

Uingereza kuna RNIB, shirika la taifa la wasioona, vitabu vyao vya sauti vilianza 1935 kwa ajili ya askari waliopoteza macho kwenye vita ya kwanza ya dunia, leo ni bure kwa mkazi asiyeona, na breli wanayo. Kuna pia Calibre Audio, tangu 1974, wana vitabu vizuri vilivyosomwa na watu, ila kama jina linavyosema ni sauti. Hapa ndo unaona kwa nini hatua ya kwanza ilikuwa msomaji: kwa mzee asiyeona anayesikia vizuri Calibre inaweza kumpendeza kuliko zote, kwa kiziwi asiyeona kabisa huna haja hata ya kufungua fomu yao.

Kanada kuna CELA, inapitia maktaba za umma, unahitaji kadi ya maktaba ya mtaani kwako, na ukishakuwa mwanachama unafunguliwa Bookshare pia humo humo. Kwa Mswahili aliyeko Toronto hiyo ni njia fupi sana.

Nyumbani sasa. Kenya anza na Kenya Society for the Blind, kipo kwa sheria tangu 1956, na matawi ya maktaba ya taifa (knls) uliza lipi lina sehemu ya wasioona. Tanzania kuna Chama cha Wasioona (TLB) tangu 1964, kuna TASODEB ambacho ni chama cha viziwi wasioona wenyewe, vitabu vya kiada vya breli vinapitia Taasisi ya Elimu (TET), na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam pale Bibi Titi inafaa kuulizwa. Uganda viziwi wasioona wana chama chao, NADBU. Hivi vyama vya viziwi wasioona nakuomba uvipe uzito, kwa kuwa hapo utakutana na mtu anayesoma kwa vidole mwenyewe, na dakika chache na huyo mtu akiwa na mkalimani wake zitakufunza vitu ambavyo tovuti haikuambii. Tofauti ya nyumbani na nje iko wazi: nje kuna wingi wa vitabu na mfumo, nyumbani kuna Kiswahili, mitaala yetu, na mtu unayeweza kumfuata ofisini. Wengi watahitaji vyote viwili.

Vya bure visivyohitaji uanachama ni vizuri kwa mazoezi: Project Gutenberg kwa vitabu vya zamani vya Kiingereza, LibriVox kwa sauti za watu wa kujitolea, na African Storybook kwa hadithi za watoto zenye Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Hizo za African Storybook ni fupi na lugha ni nyepesi, na leseni yake inaruhusu kugeuza, kwa iyo mwalimu anaweza kuzichapa breli bila woga. Internet Archive nayo ina sehemu ya wasioona, ila humo vingi ni skani iliyosomwa na mashine, makosa ya herufi yapo, na kwenye breli kosa la herufi linachosha zaidi kuliko kwenye sauti.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kitabu kimoja mpaka mwisho

Hapa usikubali mtu akuambie "inafanya kazi". Msomaji achague kitabu kimoja anachokitaka yeye, nasisitiza yeye, asichaguliwe na kaka wala mwalimu, kisha mfuate kuanzia kutafuta mpaka anaposoma ukurasa wa kwanza, na andika kila sehemu aliyohitaji mkono wa mtu mwingine.

Angalia mlango wa kwanza, usajili. Zile picha za "thibitisha wewe sio roboti" zina kitufe cha sauti kwa asiyeona, je asiyesikia pia? Kwake huo ni ukuta. Maktaba nzuri inakuwa na njia ya tatu, barua pepe au swali la maandishi. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji na kuisha muda baada ya dakika chache nayo ni shida, mtu anayesoma kwa nafasi 20 za breli anahitaji muda kutoka kwenye tovuti, kwenda kwenye meseji, kukariri namba, kurudi. Na kama huduma kwa wateja ni simu tu, andika kwa herufi kubwa: haifai.

Kisha faili yenyewe. Mara nyingi linakuja limefungwa kwa zip, lazima lifunguliwe kwanza, kwenye simu hii inasumbua kuliko kwenye kompyuta. Apu ya EasyReader ya kampuni ya Dolphin inapunguza hilo, ni bure kwenye Android na iPhone, unaingia na akaunti ya Bookshare au RNIB humo ndani kitabu kinafunguka bila kuhangaika na mafolda.

Kwa asiyeona anayesikia, simu ya Android yenye TalkBack (kisoma skrini chake) na sauti ya Kiswahili ya Google inatosha kuanza. Kwenye kompyuta NVDA ni bure tangu 2006, ina sauti ya eSpeak inayosema Kiswahili, mwanzoni ni ngumu masikioni ila mtu anaizoea na baadae anaiongeza kasi mpaka wewe unayekaa pembeni huelewi kitu.

Kwa kiziwi asiyeona inatakiwa mashine ya breli. Inayoonekana sana mashuleni huku ni Orbit Reader 20, Kilimanjaro Blind Trust Africa iliyoko Nairobi imesambaza nyingi kwa wanafunzi. Ina nafasi 20, ina sehemu ya kadi ya SD, na kwa kusoma tu haihitaji intaneti wala simu. Utaratibu ni huu: shusha BRF kwenye kompyuta, fungua zip, chomeka kadi, nakili faili yenye mwisho .brf, rudisha kadi kwenye mashine, washa. Msomaji anashuka kwenye orodha ya vitabu kwa vitufe, anachagua, na nukta zinainuka chini ya vidole vyake, akimaliza mstari anabonyeza kitufe cha mbele unaofuata unainuka. BRF imepangwa kwa mistari ya nafasi 40 na mashine ina 20, kwa iyo angalia kwenye mipangilio maneno yasikatwe katikati. Majina ya faili yafanye mafupi na yanayoeleweka, "hadithi1.brf", ukiacha jina refu lenye namba na alama msomaji atalisoma lote kwa vidole kila anapotafuta kitabu. Bei ni dola mia kadhaa, ni nyingi, lakini kwa miaka mingi mashine za aina hii zilikuwa zinapita dola elfu moja na zaidi, kwa iyo kabla hujanunua ulizia shule, chama na miradi ya vifaa.

Mwenye mabaki ya kuona, jaribu EPUB kwa herufi kubwa sana na rangi zilizogeuzwa, kwenye tableti kuliko simu. Mwenye mabaki ya kusikia, mjaribishe sauti kadhaa, punguza kasi, mwache achague mwenyewe, wengi wanashika sauti nzito vizuri kuliko nyembamba, na spika ya simu iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa.

Hatua ya 6: Waandikie, uone wanajibuje

Maktaba utaijua kwa majibu yake. Kabla ya kulipa au kujaza fomu ndefu tuma ujumbe mmoja, huu unaweza kuuchukua kama ulivyo ukabadilisha majina:

"Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya dada yangu ambaye ni kiziwi asiyeona, anasoma breli isiyofupishwa kwa Kiswahili na anatumia mashine ya breli ya nafasi 20. Naomba kujua: mna vitabu gani vya Kiswahili vya BRF au EPUB? Anaweza kujisajili mwenyewe bila picha wala sauti ya uthibitisho? Kitabu kisipokuwepo anaweza kukiomba, na kinachukua muda gani? Mawasiliano yote naomba yawe kwa barua pepe na mumwandikie yeye mwenyewe moja kwa moja. Asante sana."

Wa nje waandikie kwa Kiingereza, maneno ni hayo hayo. Angalia kama wamejibu maswali yote au wamekutumia kiungo cha ukurasa wa maswali ya kawaida, na angalia kama wamemwandikia dada au wamekuandikia wewe. Hilo la mwisho kwangu lina uzito sana, mtu mzima anazungumzwa juu ya kichwa chake kila siku, hospitali, benki, kanisani, msikitini, angalau kwenye vitabu aandikiwe yeye.

Kama ni karatasi au kadi za kutumwa kwa posta, uliza gharama. Chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani vifurushi vya wasioona mpaka kilo 7 havilipiwi nauli ya posta, isipokuwa nyongeza ya ndege inaweza kudaiwa. Kifurushi kiandikwe wazi juu kuwa ni cha wasioona na kisigundishwe kwa namna ambayo hakiwezi kukaguliwa. Karani wa kaunta akisita omba kuongea na msimamizi wake.

Hatua ya 7: Panga karatasi yako ya kulinganisha

Weka maktaba kwa mistari, na pembeni andika: anaruhusiwa kujiunga au la, ada, breli ipo au la, Kiswahili vitabu vingapi ulivyoviona mwenyewe kwenye utafutaji, MB kwa kitabu, mara ngapi alihitaji mkono wa mtu, na walijibu barua baada ya siku ngapi. Ile safu ya "mkono wa mtu" ndo ninayoiangalia kwanza. Maktaba mbili zikikaribiana, chukua ile ambayo msomaji anafika mwenyewe, hata kama ina vitabu nusu ya mwenzake.

Faili ukishalipata ujue ni la huyo mwanachama. Bookshare wanaweka alama ndani ya kila nakala inayoonyesha nani kaishusha, na ukisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp akaunti inaweza kufungwa, kwa shule nzima kama ni ya taasisi. Mwenzake akikitaka naye asajiliwe.

Kitabu unachokitaka kikikosekana kote, hasa cha Kiswahili, omba kitengenezwe. Peleka ombi kwa taasisi ya nyumbani, taja jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka wa toleo, na kama ni cha mtihani andika tarehe ya mtihani. Pia mwandikie mchapishaji moja kwa moja kuomba faili lake la kompyuta, kugeuza faili safi kuwa BRF ni kazi ya siku chache tofauti na kupiga skani kurasa 200 na kusahihisha herufi moja moja. Wakati mnasubiri, muanzishie hadithi za African Storybook kwenye kadi, vidole vipate mazoezi.